Watatu Katika Kila Kumi

Bilele, Bukoba
9 Machi 1953

Shangazi yangu Kokubanza, waitu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima yote. Mimi ni mzima, na kile kifua kilichonisumbua wakati wa Krismasi kimeachia. Naandika nikiwa nimeegemeza karatasi juu ya Biblia kwa kuwa chumba changu hakina meza, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Nisalimie Kokwijuka. Nimesikia kwamba ni mjamzito na kwamba mume wake, mwanao Mwijage, bado yuko Uganda kikazi. Mwambie asipandishe maji kutoka bondeni peke yake.

Sasa nieleze nililokusudia. Tangu Januari mimi si karani wa stoo tena. Nimewekwa kwenye ofisi ya Bwana mmoja aliyeletwa kuchunguza vifo vya watoto wachanga wilaya nzima. Kuna zahanati moja ya kujengwa, yenye mkunga aliyesomea, na wakubwa wanataka kujua ijengwe wapi. Kila kijiji kinaulizwa maswali mawili tu. Tangu mwanzo wa 1950 hadi mwisho wa 1952, watoto wangapi walizaliwa wakiwa hai? Na kati ya hao, wangapi walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja?

Karani aliyetumwa Rwamigege alirudi na karatasi tupu. Wanawake wote walimwambia hawakumbuki. Ndipo nikamwambia Bwana kwamba hapo Rwamigege ninaye shangazi aliyenilea tangu baba yangu Kagaruki alipofariki, anasoma na kuandika, na ndiye anayezalisha wanawake wa kijiji kile kwa miaka ishirini sasa. Amekubali uifanye wewe.

Pita kila kibanja, usiruke hata nyumba moja. Andika idadi tu, majina hayatakiwi. Usikisie, na usipunguze kwa kumwonea mtu haya. Hesabu ikiwa pungufu, na sisi tutasahauliwa.

Mwanao,
Aroni


Rwamigege, Muleba
30 Aprili 1953

Aroni, mwana wa kaka yangu,

Nimepokea barua yako na sabuni. Tumshukuru Mungu kwa kifua chako. Huku mvua imepiga sana, migomba kumi na miwili imelala chini, lakini kahawa imetoa maua vizuri. Kokwijuka hajambo. Miguu inamvimba, naye anakula udongo wa kichuguu kama wajawazito wote.

Kazi uliyonipa nimeimaliza, na sitaifanya tena maishani. Nilidhani itanichukua wiki moja. Imenichukua majuma matano. Swali la kwanza wanawake walinijibu upesi. Nilipofika kwenye swali la pili, mmoja akainuka kwenda kutazama chungu, mwingine akaniuliza kama mumewe amejua kwamba ninauliza.

Kwa Verdiana nilikwenda mara nne. Unamkumbuka, yule Mkatoliki wa karibu na chemchemi. Mara ya nne nilimkuta anamenya ndizi, nikakaa chini pale pale kwenye maganda.

Akaniambia, "Kokubanza, mtoto aliyekwenda hahesabiwi. Ukimwandika, unawaita na wenzake."

Nikamwambia, "Watoto wako wote watano nimewapokea kwa mikono hii. Kama kuwaandika kungewaita, mimi ningekuwa nimeshawaita kwa kuwakumbuka tu."

"Basi unataka nini?"

"Nataka waje watu wenye dawa. Karatasi hii ndiyo itakayowaleta."

"Unaniahidi?"

Aroni, nikamwahidi. Ningefanyaje? Akaendelea kumenya mpaka mkungu wote ukaisha, kisha akainua vidole viwili, akaushusha mkono haraka kama aliyeungua. Baada ya hapo wengine walisema, kwa sababu Verdiana alikuwa amesema. Wote niliwapa ahadi ile ile.

Waliozaliwa hai ni tisini. Waliokufa kabla ya mwaka ni ishirini na saba. Nimetenganisha kila mwaka kwenye karatasi ya pili. Nimehesabu mara tatu, nikitamani nipate nimekosea.

Kaa salama. Kula vizuri.
Shangazi yako,
Kokubanza


Bilele, Bukoba
17 Mei 1953

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima, na pole kwa migomba. Hapa mjini samaki wamekuwa wengi, tunakula mpaka tunachoka.

Karatasi zako zimefika zikiwa safi kuliko za makarani wote. Nimekaa nazo siku mbili, na nataka nikueleze nilichokiona, maana ni wewe uliyekitolea jasho.

Kijiji kilicho na vifo vingi kuliko vyote katika orodha yetu ni Kanazi. Wamekufa watoto hamsini na sita. Mtu akisoma namba hiyo peke yake atasema zahanati iende Kanazi. Lakini Kanazi ni kijiji kikubwa, huko walizaliwa watoto mia nne. Fikiria vikapu viwili vya ndizi. Kikubwa kina ndizi mia nne, na hamsini na sita zimeoza. Kidogo kina tisini, na ishirini na saba zimeoza. Ukitia mkono bila kutazama, ni kikapu kipi kitakachokupa iliyooza upesi?

Ndiyo sababu hatutazami idadi pekee. Tunagawa waliokufa kwa waliozaliwa. Kanazi inatoka kumi na nne kwa kila mia. Rwamigege inatoka thelathini kwa kila mia. Kwetu wanakufa watatu katika kila kumi, zaidi ya mara mbili ya Kanazi. Hakuna kijiji kingine wilayani kilichofika hapo.

Na tena si bahati mbaya ya mwaka mmoja. Mwaka 1950 walikufa tisa kati ya thelathini na mmoja. Mwaka 1951 wanane kati ya ishirini na wanane. Mwaka 1952 kumi kati ya thelathini na mmoja. Kila mwaka ni karibu watatu kwa kumi. Kitu kinachojirudia hivyo kina chanzo, na chenye chanzo kinatibika.

Nimechora jedwali lenye safu ya mwisho inayoonyesha hiyo sehemu kwa mia. Wiki ijayo nampelekea Bwana. Shangazi, nadhani tutapata.

Mwanao mwenye furaha,
Aroni


Rwamigege, Muleba
21 Juni 1953

Aroni mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Watoto si ndizi, lakini nimeelewa. Nilijua tunazika sana. Sikujua kwamba wengine hawaziki hivi. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyoishi.

Jumapili baada ya ibada niliwaeleza wanawake habari ya watatu katika kumi. Verdiana, aliyekuwa akipita kutoka kwenye misa yao, akauliza, "Kwa hiyo haikuwa kosa langu?" Wengine wakaanza kulia. Wameshachagua mahali pa kujenga, pale juu ya chemchemi, na Rutashobya, mkungu wetu, yaani mkuu wa kijiji, amekubali kutoa miti.

Kokwijuka amebakiza majuma mawili matatu. Niambie wanaanza lini.

Mimi,
Kokubanza


Bilele, Bukoba
4 Septemba 1953

Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi, na kwa wiki mbili mashine ya chapa iliharibika. Mimi ni mzima. Natumaini nanyi ni wazima.

Kuhusu lile jambo, bado linaangaliwa. Wakubwa wana mambo mengi. Ni vizuri Rutashobya asikate miti kwanza, isije ikaoza.

Hujaniambia kama Kokwijuka amejifungua salama. Ni wa kiume au wa kike? Nimempelekea kitambaa chepesi cha kumfunika mtoto, kiko kwa dereva wa basi.

Mwanao,
Aroni


Rwamigege, Muleba
2 Oktoba 1953

Aroni,

Tuko hapa. Kitambaa kimefika.

Rutashobya alikwenda Bukoba kwenye baraza, na aliporudi alipitia Kanazi. Anasema ameona kwa macho yake zahanati inaezekwa bati. Ameuliza mafundi, wakamwambia walianza Julai.

Wewe uko kwenye ofisi hiyo hiyo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ulijua tangu lini?

Kokubanza


Bilele, Bukoba
25 Oktoba 1953

Shangazi waitu,

Sina salamu ya kuanzia. Ni kweli. Nilijua tangu tarehe 28 Mei.

Siku hiyo nilimpelekea Bwana jedwali. Akaliangalia, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"Hii ni nini?"

"Ni waliokufa kwa kila mia waliozaliwa, Bwana."

"Inachanganya. Iondoe."

"Bwana, ndiyo inayolinganisha kijiji kidogo na kikubwa."

"Tisini ni wachache mno. Watoto wawili watatu wakifa kwa ajali, hesabu yako inaruka."

Nikamwonyesha miaka mitatu, mmoja mmoja. Akaisoma vizuri, nami nikadhani nimemshinda. Kisha akasema, bila hasira, "Aroni, Kanazi wamekufa hamsini na sita, na barabara inafika. Nikaandike vipi kwamba ishirini na saba ni wengi kuliko hamsini na sita? Atakayesoma ataniona sijui kuhesabu."

Ningeweza kusema, lakini nilinyamaza. Nilifikiria stoo nilikotoka. Nikakaa kwenye mashine nikalipiga chapa jedwali bila ile safu. Vijiji vilipangwa kwa idadi ya vifo. Rwamigege ilikuwa ya sita.

Barua yako ya Juni ilipofika, ile ya wanawake kulia baada ya ibada, nilishindwa kujibu. Nilitegemea kutatokea zahanati ya pili, nikuandikie habari njema juu ya mbaya. Haikutokea.

Nimekuuliza habari za Kokwijuka, hukunijibu. Nakuomba unijibu, hata kama umenikasirikia.

Aroni


Rwamigege, Muleba
8 Januari 1954

Aroni,

Nilikaa na barua yako wakati wote wa senene na Krismasi. Nilikuwa naichukua, naiweka.

Kokwijuka alijifungua tarehe 3 Julai, mtoto wa kike. Alipewa jina la mama yangu. Alikuwa anacheka upande mmoja wa mdomo, kama ulivyokuwa ukicheka wewe. Tarehe 19 Agosti alianza kuharisha na kuchemka mwili. Nilimpa nilivyokuwa navyo. Siku ya tatu tulimbeba kwenda hospitali ya misheni, mimi na Kokwijuka na wanaume wawili, na bonde lilikuwa limejaa maji. Tulizunguka kwa juu. Alitufia njiani, mahali ambapo hata nyumba haipo. Kitambaa chako kilifika baada ya mwezi. Kokwijuka amekikunja, ameketi nacho.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungemfanya awe namba.

Wanawake wamejua kuhusu Kanazi. Sina kinyongo na watu wa Kanazi, nao wanazika. Lakini Verdiana alikuja hapa nyumbani. Hakukaa. Alisema, "Uliniambia karatasi italeta dawa. Tangu uandike, tumezika tena saba, na wa kwako yumo. Nilikuambia utawaita." Nimezalisha wanawake miaka ishirini, ila tangu siku hiyo hawaniiti. Mwezi uliopita Celina alijifungua akiwa na mama mkwe wake tu, hapa hapa jirani, namsikia, na hakuna aliyekuja kunichukua.

Wewe ulikuwa na kiti cha kupoteza. Nimekielewa hicho. Sijasema nimekusamehe.

Kokubanza


Bilele, Bukoba
11 Juni 1954

Shangazi yangu,

Kila siku naikumbuka barua yako. Nilimwandikia Mwijage Uganda, hajanijibu. Najua sina haki ya kukuomba kitu.

Lakini kuna jambo la haraka. Uchunguzi unarudiwa, kwa watoto waliozaliwa mwaka 1953 tu. Kuna zahanati ya pili. Na safari hii wakubwa wenyewe, kutoka Dar es Salaam, wameagiza kwamba vijiji vilinganishwe kwa sehemu kwa mia. Bwana amenirudishia jedwali langu la zamani niliige. Shangazi, safari hii kijiji kidogo hakitafichwa na kikubwa.

Karani anayekuja ni Ildefons, mtu mpole kutoka Rubafu. Nakuomba kwa magoti, waambie wanawake waseme kweli. Hata wasiponiamini mimi, waseme kweli mara hii moja.

Aroni


Rwamigege, Muleba
20 Julai 1954

Aroni,

Barua yako imefika siku tisa baada ya Ildefons kuondoka. Daraja lilikuwa limekatika tangu Juni, basi lililala upande wa pili.

Alikuwa mpole kweli, kama ulivyosema. Alipita kila kibanja na kuvua kofia. Wanawake walikuwa wameshapatana kabla hajafika. Hawakuniambia mimi, lakini nililijua. Kila alikoingia aliambiwa watoto walio hai, na alipouliza waliokufa, jibu lilikuwa moja: hakuna.

Alipofika kwangu, Kokwijuka alikuwa ameketi mlangoni. Ildefons akamwuliza, "Mama, mwaka jana ulijifungua?" Akasema, "Sikujifungua." Nilisimama nyuma yake. Ildefons akaniinulia macho, akaniuliza, "Ni kweli, bibi?"

Nikasema, "Ni kweli."

Ningemfanya mwongo mbele ya mgeni? Na kwa ajili ya nini, kwa wakati ule? Sikuwa na barua yako. Hata ningekuwa nayo, sijui.

Kokubanza


Bilele, Bukoba
2 Septemba 1954

Shangazi waitu,

Nakuandikia ili usiyasikie haya kwa Rutashobya.

Rwamigege imetoka na watoto ishirini waliozaliwa mwaka 1953, na waliokufa hakuna. Sifuri kwa kila mia. Tumekuwa wa mwisho katika orodha, yaani wenye hali njema kuliko wote.

Nilikwenda kwa Bwana. Safari hii nilisema. Nilimwambia kijiji kilichozaa thelathini na mmoja, ishirini na wanane, thelathini na mmoja, hakiwezi kuzaa ishirini ghafla na wote wakaishi. Hao kama kumi waliopungua ndio wafu wenyewe, na wamefichwa pamoja na kuzaliwa kwao. Nikamwambia namjua mmoja wao. Nikamtajia jina lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwaka jana ulinifundisha niamini uwiano, Aroni. Sasa unaniambia nisiuamini." Sikumchukia. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Ripoti imekwenda. Imeandikwa kwamba Rwamigege hali imetengemaa na haitaangaliwa tena kwa miaka mitano. Ile zahanati ya pili inajengwa mahali pengine, ambako nako wanaihitaji.

Nimeomba nirudishwe stoo, nimekubaliwa. Nataka kuja Desemba nisimame kaburini. Uniambie kama nije au nisije.

Aroni


Rwamigege, Muleba
29 Septemba 1954

Aroni, mwanangu,

Barua imefika mapema safari hii. Nimewasomea wanawake wawili waliokubali kunisikiliza.

Wiki iliyopita Verdiana amezika tena, wa miezi minne. Nilikwenda, akaniachia nafasi ya kukaa. Kokwijuka ameondoka kurudi kwa kaka zake, na Mwijage hajaandika. Nyumba imekuwa kubwa. Macho yangu pia si mazuri, huu mwandiko unauona mwenyewe.

Njoo. Kitanda chako kipo. Utakapopita kijijini watu watakusalimu vizuri, wao si wabaya, na wewe wasalimu vizuri. Waulize habari za kahawa, habari za mvua. Usimwulize mtu yeyote ana watoto wangapi.

Shangazi yako,
Kokubanza